Leo Hakuna Kazi

Ijumaa hiyo ya Agosti Wayua alirudi nyumbani mkono wa kulia ukiwa umefungwa bendeji, ameuficha ndani ya shuka kama mtu aliyeiba kuku. Hakupita njia ya mbele. Alizunguka nyuma ya nyumba, upande wa mabomba, ili majirani wasimwone, akaingia jikoni, akaketi juu ya debe na kutamka neno moja tu.

"Chai."

Binti yake, Ndindi, alikuwa akikata sukuma wiki. Alikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni ya wasichana, na kwa wiki mbili za likizo alikuwa hajafanya kosa lolote la kutajika, jambo lililoanza kumtia wasiwasi yeye mwenyewe. Aliweka kisu chini.

"Umepigana na nani, Mama?"

"Na herufi."

"Zimekushinda?"

"Muuguzi wa zahanati anasema zimenishinda. Nisiguse hata kitufe kimoja mpaka Jumatatu. Na nilale." Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, ndani mna vidonge vyeupe. "Nikivimeza hivi, anasema, nitalala kama gogo. Kana kwamba gogo lina majirani."

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kwa miaka sita Wayua alikuwa kibarua wa kupiga taipu katika ofisi ya kiwanda kimoja cha sabuni kule Industrial Area, ng'ambo ya reli. Kazi ikizidi anaitwa, ikipungua anaambiwa asubiri nyumbani. Katika chumba cha wapiga taipu palikuwa na meza moja kando ya dirisha, na anayeketi hapo ameajiriwa: ana likizo, ana matibabu, na hakuna anayemwambia asubiri nyumbani. Mwenye meza hiyo alikuwa amestaafu. Jumatatu vibarua wangepimwa kasi, na atakayewashinda wenzake angepewa dirisha. Walikuwemo wasichana wadogo waliotoka chuoni juzi, wenye vidole vinavyodondoka kama mvua ya masika. Wayua angeweza kuwashinda. Lakini si kwa kifundo cha mkono kilichovimba kama andazi.

Na kifundo hicho hakikuvimbishwa na kiwanda. Kilivimbishwa na mtaa wa Kaloleni.

Kiwanda kilipotupa taipureta moja kuukuu, yenye roli ndefu ya kumeza karatasi pana, Wayua aliiomba akapewa. Aliiweka sebuleni, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma kama watu wengine wanavyofunika redio. Katika chuo cha jioni alikuwa amefundishwa mapambo ya taipu: kulichukua neno la kawaida, neno ambalo mtu angeliandika kwa mkono na kulisahau, na kulijenga kwa herufi ndogo mpaka linakuwa kubwa kama mlango. Unachora kwanza kwenye karatasi ya hesabu yenye miraba. Kisha unagonga x, x, x, unaruka nafasi, x tena, unashuka mstari. Panapotakiwa weusi unarudi kupigilia m juu ya x. Kila herufi kubwa inakula karatasi nzima. Mwishoni unazigandisha karatasi zote kwa uji wa ngano, na bango liko tayari. Ukiwa mbali unasoma KARIBUNI. Ukisogea unaona x maelfu, zimesimama mstarini kama wasichana wa bweni kengele ya alfajiri ikilia, na zenyewe pia hazina raha.

Bango la kwanza Wayua alilichapa kwa ajili ya arusi ya jirani. Baada ya hapo hakuna aliyeoa, aliyebatizwa wala aliyefaulu mtihani Kaloleni bila x za Mama Ndindi. Kadi za mwaliko zilikufa kifo cha kawaida. Bango likipanda mlangoni, mtaa mzima umealikwa. Huulizi ni la nini. Unachukua ulicho nacho, sukari, majani ya chai, benchi, unakwenda, habari utaipata hukohuko. Na ulichobeba kwenda kwenye bango hakirudi nyumbani. Ukikirudisha, watasema unamtakia mwenye shughuli mkosi.

Haya yote Ndindi aliyajua, lakini kama mtu ajuavyo mambo ya nyumbani akiwa amekaa bwenini miaka minne: kwa umbali. Yeye alikuwa na historia yake mwenyewe na herufi kubwa. Muhula uliopita alijipenyeza katika ofisi ya shule, akachapa bango la x lililosema ALHAMISI NI KUKU, akalibandika kwenye ukumbi wa chakula. Alhamisi shule nzima ilipanga foleni na sahani zake mapema, na mpishi mwenyewe alikwenda kwa matroni kuuliza kuku wamewekwa wapi. Ndindi alifyeka nyasi mpaka mikono ikaota sugu. Alitoka huko na falsafa: neno dogo watu hulisoma, neno kubwa huliamini. Ilikuwa falsafa nzuri, ila haikuwa imekamilika.

Chai haijapoa, hodi ilipigwa. Ilikuwa sauti ya Mzee Naftaly, karani wa reli na katibu wa kwaya, mtu mpole ambaye hakuwahi kuomba kitu kikubwa maishani mwake. Daima aliomba kitu kidogo tu.

"Mama Ndindi, sikai. Ni kitu kidogo tu."

"Karibu, Mzee," alisema Wayua, na mkono ukarudi ndani ya shuka.

"Kwaya yetu inakaribisha kwaya ya Makadara Jumapili ya wiki ijayo. Vijana wanasema tuweke KARIBUNI WAIMBAJI WA BWANA. Nikawaambia maneno hayo si mengi, Mama Ndindi atayamaliza akiwa anasubiri ugali uive."

Ndindi alihesabu kichwani. Alimtazama mama yake kwa jicho la kiranja. Sema hapana, lilisema jicho.

"Lete, Mzee," alisema Wayua. "Nitaona."

Naftaly alipoondoka, Ndindi alisimama katikati ya jikoni, mikono kiunoni.

"Mama. Neno 'hapana' lina herufi sita tu. Hata hulazimiki kulichapa."

"Baba yako alipofariki, nani aliimba hapa uani mpaka sauti ikamkauka?"

"Mzee Naftaly."

"Nani alipika?"

"Mama Nduta na wenzake."

"Basi. Na nitawaambia nini, mkono umeoza? Nusu ya kiwanda inalala hapa na Makongeni. Nikilia leo, Jumatatu asubuhi wataniambia, pole Wayua, nenda kapumzike, na dirisha atapewa mwingine." Alimeza vidonge viwili, akavisindikiza na chai. "Kesho asubuhi nitaanza polepole, kwa mkono wa kushoto."

Alisema hivyo bila hasira, kwa sauti ya mtu anayeeleza kuwa kesho kutakuwa na baridi. Ndindi alikuwa tayari kwa hasira, kwani hasira unaweza kuijibu.

Jumamosi Wayua hakuamka. Vidonge vilimshika, amelala chali mdomo wazi, mkono wenye bendeji juu ya mto kama mgeni wa heshima. Ndindi alimtazama mlangoni kwa muda. Kisha, kwa uangalifu wa mtu aliyewahi kupita mbele ya dirisha la matroni, aliibeba taipureta mpaka jikoni, akaiweka juu ya blanketi lililokunjwa ili isipige kelele, akafunga mlango.

Mpango wake ulikuwa mfupi na wa busara. Watu wa Kaloleni wanaheshimu herufi kubwa. Basi waambiwe kwa herufi kubwa. Hakutaja mkono wala ugonjwa, siri ya mama yake ingebaki siri. Maneno yalikuwa matatu: LEO HAKUNA KAZI.

Maneno matatu ni mepesi kuyatamka. Kuyajenga ni adhabu. L ilikwenda vizuri, ni nguzo na kizingiti. E ilikwenda vizuri. O ilikuwa ya kwanza kumwonyesha kazi, maana taipureta haijui mviringo, inajua ngazi tu, na ngazi zake zikikosea mraba mmoja O inafanana na jerikeni iliyokanyagwa. Alipofika K alitambua kwamba aliyeibuni K hakuwafikiria watu wa taipureta hata dakika moja. Mguu mmoja wa K unapanda, mwingine unashuka, na katikati hapo inapokutana ndipo mpiga taipu anapokutana na Mungu wake. Vitufe vya mashine ile vilikuwa vizito. Kimoja kimoja ilibidi kukisukuma kama mlango uliovimba kwa mvua. Kufikia U kidole cha shahada kilikuwa kimekufa ganzi. Kufikia N maumivu yalikuwa yamepanda mpaka kwenye kiwiko. Na K ya pili ilikuwa bado inamngoja mbele, imepanua miguu.

Alisimama, akakung'uta mkono. Ndipo akaanza kuyakumbuka mabango. La ubatizo wa watoto wa Makau. La timu ya mpira, lenye R nne. La KARIBU NYUMBANI ambalo lilipokosewa tahajia Wayua alilichapa upya lote, baada ya kutoka kazini, huku Ndindi akilala chumba cha pili na kulalamika kelele. Kelele hizo alizisikia utoto wake wote. Hakuwahi kufikiri kwamba upande wa pili wa kelele kuna mkono.

Akarudi kwenye N.

Jua lilipokuwa juu, bango lilikuwa limegandishwa na kutundikwa, kuanzia mlango wa mbele mpaka dirisha la sebule. K ya kwanza ilikuwa imeegemea upande, imechoka kama mchapaji wake. Lakini ukisimama barabarani ulisoma bila shida. Ndindi alikaa kizingitini, akakunja mikono, akangoja amani.

Aliyekuja kwanza ni Mumina, aliyeleta mahamri kutoka Majengo kila Jumamosi. Kapu kichwani, anahema.

"Nimeliona kutoka kule kwenye ukumbi wa mtaa! Nani anaolewa?"

"Hakuna anayeolewa, Mama Mumina. Soma."

"Mwanangu, mimi nimeona bango. Kusoma ni kwenu nyinyi." Alishusha kapu, akaliweka juu ya kizingiti kwa uamuzi wa mtu asiyenuia kulinyanyua tena. "Haya ya Mama Ndindi. Mungu ampe heri, shughuli yoyote iwayo."

"Lakini hakuna shughuli!"

"Ndio mnavyosemaga," alisema Mumina, akaketi.

Ndindi aliikumbuka siku ile alipoona sahani zikija kwenye foleni ya kuku. Aligeukia barabara. Kutoka upande wa pili wa uwanja Mama Nduta alikuwa anakuja na wanawake wa kanisa, sufuria kubwa kabisa imebebwa na wawili, mwingine ana sukari, mwingine kuni, yeye mwenyewe ana maziwa. Nyuma yao Mzee Naftaly na vijana wa kwaya walikuwa wamejitwika mabenchi.

"Niaje, Ndindi!" aliita mmoja wa vijana. "Kuna bash na hamkutuambia?"

"Shhh! Mathe amelala!"

"Amelala na bango liko juu?"

Mama Nduta, ambaye alijua kusoma vizuri na alipenda watu wajue hivyo, alisimama mbele ya bango na kulisoma kwa sauti ya mimbari.

"Leo. Hakuna. Kazi." Akafikiri. "Haya. Na sisi tumeziacha zetu. Chai ipikwe wapi?"

"Mama Nduta, nawasihi. Maana yake ni kwamba mwende nyumbani."

Wanawake walitazamana, kisha wakaitazama sufuria, kisha maziwa, kisha Ndindi, kama watu wanaomtazama mtoto aliyetukana mbele ya pasta.

"Binti yangu," alisema Mama Nduta polepole, "watu hawatundiki bango kuwafukuza watu. Hata huko bwenini kwenu, nadhani, hawafanyi hivyo. Na maziwa haya nikiyarudisha nyumbani, mama yako atapatwa na nini?"

Moto ukawashwa. Mabenchi yakapangwa. Kwaya, kwa kuwa ilikuwapo, ikaanza kujaribu sauti.

Ni sauti ya pili iliyomwamsha Wayua. Alitokea mlangoni na leso kichwani, uso umechorwa mistari ya mto, shuka mabegani. Aliutazama umati, akaitazama sufuria, akainua macho kwenye bango. Hapo akasimama muda mrefu zaidi.

"Nani amechapa hii K?" aliuliza.

"Mimi, Mama."

"Imelewa."

"Nilitaka ulale," alisema Ndindi, na sauti ikamsaliti, ikatoka ndogo kama ya mtoto wa darasa la pili.

Mama Nduta alikuwa tayari amemfikia, uso unang'aa. "Mama Ndindi! Na kwa kuwa umeamka, niseme tu kabla sijasahau. Arusi ya Nduta ni mwezi ujao. Nataka bango la kutoka mlangoni mpaka langoni. HONGERA NDUTA NA MUTURI, na maua pembeni. Utaniangusha?"

Ndindi aliona midomo ya mama yake ikiumba lile neno. Aliwahi kuliona mara nyingi mno, lakini siku hiyo aliliona kama mtu anavyoona gari likimjia mwenzake. Lete. Nitaona. Halikuwahi kutoka, kwani Mumina alikuwa amemnyooshea Wayua kikombe cha chai, na Wayua, akiwa bado na usingizi, alisahau akatoa mkono wa kulia kukipokea.

Kikombe kilianguka, kikavunjika juu ya kizingiti. Bendeji ilibaki hewani, mbele ya watu wote. Sauti ya tatu ya kwaya ilikuwa imeingia peke yake. Ikasikia kimya, ikanyamaza.

"Hii ni nini?" alisema Mumina. Aliushika ule mkono kabla haujarudi kwenye shuka, akaufungua taratibu. Wanawake walisogea. Uvimbe ulikuwa umekwenda mpaka kwenye vidole.

"Ni herufi tu," alisema Wayua. "Jumatatu nina mtihani kazini. Wa dirisha. Tafadhali, nyinyi hamjaona."

Mzee Naftaly alivua kofia, ingawa hapakuwa na sababu ya kuvua kofia. Labda alikuwa anayahesabu mabango yake. Mama Nduta aliutazama mkono, akaangalia juu, safari hii akilisoma bango kwa macho tu, herufi kwa herufi, na ilionekana wazi kwamba sasa amelielewa.

"Sikilizeni," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini ambayo wengi hawakujua kama anayo. "Mkono huu hauvuki reli. Atakayeutaja ng'ambo ya kule, mimi na yeye."

"Hauvuki reli," walijibu wote, kama wanaitikia sala.

Mumina aliagiza mafuta ya ufuta. Wayua aliketishwa kwenye benchi la kwaya, mkono ukakandwa, akanyweshwa chai na mtu mwingine kama bibi arusi. Kwa muda mtaa ulikuwa mtamu na mtulivu, na Ndindi, aliyechoka mpaka kwenye nywele, alifikiri: nimeweza. Kwa njia ya ajabu, lakini nimeweza.

Kisha Mzee Naftaly akakohoa.

"Ni kitu kidogo tu," alisema. "Kwaya ya Makadara bado inakuja. Basi nikawa najiuliza, hili bango hapa, Mama Ndindi anasema amelichapa nani?"

Vichwa viligeuka vyote kwa pamoja. Ndindi alimtazama mama yake, macho yakiomba rehema. Wayua alipuliza chai yake bila haraka.

"Huyo hapo," alisema. "K yake imelewa, lakini itapata akili."

Jumapili, baada ya ibada, Ndindi alijenga KARIBUNI WAIMBAJI WA BWANA. Wayua aliketi kando, mikono miwili mapajani kama mtu aliyepokonywa kazi, akitoa amri. "Usipige kwa bega, piga kwa kidole. Panda mraba mmoja, si miwili. Kabla ya kuandika neno, lihesabu lote, ulikate katikati, uanzie hapo kurudi nyuma, la sivyo litaegemea ukutani kama mlevi." Ndindi alipiga. I zilikuwa pumziko, akazipenda. W zilikuwa tatu, na aliwaza kwamba kama waimbaji wale wangekuwa wa mtu mwingine yeyote maisha yangekuwa mepesi. Jioni alipoinuka, vidole vyake havikukunjuka. Mama yake alikuwa amesinzia kitini, mkono wa kulia umelegea, uvimbe umeshuka, mifupa ya vidole imeanza kuonekana tena.

Jumatatu kulipopambazuka Wayua aliuvua ule utepe wa bendeji, akaukunja, akauweka kabatini. Ndindi alimsindikiza mpaka penye kivuko cha reli. Watu wa kiwandani walikuwa wanavuka kwa wingi kwenye ukungu, wamejikunyata, na wengi wao walimwamkia Mama Ndindi bila kuutazama mkono wake. Waliacha kuutazama kwa bidii sana, mpaka ungedhani hakuwa nao.

Alirudi jioni kwa njia ya mbele. Ndindi alikuwa jikoni, mikono yote miwili ndani ya beseni la maji moto na chumvi.

"Ee?"

Wayua aliketi juu ya debe. Alivua viatu, kimoja, kisha cha pili. Alionekana amechoka kuliko Ijumaa.

"Kesho nakaa dirishani," alisema. "Jua linaingia pale asubuhi. Nitahitaji pazia."

Ndindi alitaka kupiga kelele, lakini hata kelele ilihitaji nguvu. Akaegemeza kichwa chake kwenye goti la mama yake, mikono ikiwa bado kwenye beseni, wakabaki hivyo. Sukuma ilichemka kwenye sufuria. Nje mtu alikuwa anakuja kwa hatua za pole, hatua za mtu asiyetaka kusumbua.

"Hodi! Sikai. Ni kitu kidogo tu."

Mama na binti walitazamana.

"Sema hapana," alinong'ona Ndindi.

"Aje kwako, si kwangu. Mimi ni mtu wa dirishani. Sema wewe."

Ndindi aliitoa mikono majini, imekunjamana, vidole vyekundu. Alijipanga. Alilihesabu lile neno, herufi sita, akalikata katikati, akavuta pumzi, akafungua mdomo.

"Karibu, Mzee," alisema.